Kujipigia Debe kwa Sekunde Sitini

"Mama, ukifika mlangoni, usipande ngazi. Upite kushoto, ukae benchi la mbele. Utaitwa kwa jina."

Maneno haya yanachukua sekunde 9. Yamo ndani ya demo, yaani sampuli ya sauti, ya dakika moja niliyotumiwa mwezi wa Nne, masika yakiwa yamekolea, na binti mmoja wa Moshono, hapa Arusha, niliyemfundisha Kiswahili zamani. Anafanya kazi ya kutia sauti, wenyewe wanaiita voisova: matangazo ya biashara, masomo ya kwenye simu, maelekezo, video za watalii. Wateja wake wengi hawajawahi kumwona. Wanampata mtandaoni, wanamtumia maandishi, yeye anawarudishia sauti. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Shikamoo mwalimu. Naomba unisikilizie hii. Watu wanaifungua, halafu hawanijibu."

Nimeisikiliza kwa hedifoni na bila hedifoni, nimeisikiliza ndani ya daladala na jikoni huku maji yakichemka, na nimeamua kuitendea kama tunavyozitendea tungo za washairi: kuisoma neno kwa neno na pumzi kwa pumzi. Demo ni utungo. Ina mwanzo, ina mpangilio, na ina msikilizaji iliyemkusudia hata kama mtungaji mwenyewe hakumfikiria. Vijana wengi wa mji huu wanaitegemea kupata mkate wao, kwa hiyo inastahili kuhakikiwa kwa uzito uleule tunaoupa utenzi.

Inaanza na muziki. Kinanda, kisha ngoma nzito inayoingia taratibu, sekunde 7 nzima. Ndipo sauti inatokea: "Sauti yenye mvuto, yenye weledi, yenye kukidhi mahitaji ya biashara yako." Baada ya hapo vinafuatana vipande 6, karibu kila kimoja na muziki wake: benki, hoteli ya kitalii, somo la hesabu la watoto, ujumbe wa simu ya ofisi, yale maelekezo ya zahanati, na tangazo la sabuni. Mwisho anataja namba ya simu, na kinanda kinarudi kuifunika kabla tarakimu ya mwisho haijasikika vizuri.

Tuanze na ile sentensi ya kujitambulisha. Haina kitenzi kinachotenda. Ina nomino kuu moja, sauti, nayo imebebeshwa mizigo mitatu ya "yenye". Kila "yenye" inamlazimisha msomaji apandishe sauti kidogo na kuishusha, apandishe na kuishusha, mpaka sikio linazoea mdundo na kuacha kusikia maneno. Mvuto, weledi, mahitaji: hayo ni majina ya mambo yasiyoshikika kwa mkono. Hata "biashara yako", ambayo ingepaswa kumgusa msikilizaji begani, haimgusi, maana biashara hiyo inaweza kuwa duka la vifaa vya ujenzi Ngarenaro au shule ya chekechea Njiro, na sentensi haijali ni ipi.

Lakini kukosa kitenzi peke yake si kosa. Simama kituoni asubuhi umsikilize konda wa gari la barabara ya Moshi: "Tengeru-Usa, Tengeru-Usa, Tengeru-Usa!" Hakuna kitenzi hapo pia. Kuna majina mawili, mizani 5, basi. Anayekwenda Tengeru anamalizia sentensi mwenyewe kichwani, kwa kuwa ana safari, ana muda, na ana mfuko begani. Mwito wa konda ni nusu ya mazungumzo ambayo nusu yake ya pili iko kwa abiria. Ile sentensi ya "yenye" haikumwachia msikilizaji chochote cha kumalizia. Imejimaliza yenyewe, imejisifu, imeondoka.

Na hapa lugha yetu ina onyo la zamani. Kazi ya kuitangaza huduma ya mtu tunaiita kumpigia debe, neno lililotoka stendi. Mpiga debe anaita abiria kwa ajili ya gari lisilo lake, likijaa anapewa chochote, linaondoka, naye anabaki. Ndiyo kazi ya binti huyu hasa: analijaza gari la mwingine. Demo ndipo mahali pekee anapotakiwa ajipigie debe mwenyewe, na kwa Mswahili kujipigia debe kuna doa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sikio lililolelewa na methali hiyo, likisikia sauti ikijiita yenye mvuto, linarudi nyuma hatua moja. Kwa Kiingereza cha matangazo pengine kujisifu kwa namna hii hupita bila kuudhi. Ndiko umbo hili la demo lilikotoka, pamoja na kinanda chake. Kwa Kiswahili mvuto unasikika au hausikiki, na aliyeutaja ameshaupunguza.

Sasa turudi zahanatini. Maneno yale yaliandikwa na muuguzi, hayakutoka kwa mtu wa matangazo. Zahanati ni ndogo, ipo upande wa mlimani, na kina mama wanaoleta watoto kliniki walikuwa wakipanda ngazi, wakikuta mlango umefungwa, wakishuka tena na watoto mgongoni. Muuguzi alirudia maneno yaleyale kila asubuhi mpaka akachoka, ndipo akamwomba binti ayarekodi ili yapigwe kwenye spika ndogo getini. Kwa hiyo yalisemwa na mdomo mara nyingi sana kabla ya kuandikwa, na mdomo ulikwisha kukata kila kilichozidi.

Hesabu mizani zake. "Mama": 2. "Ukifika mlangoni": 8. "Usipande ngazi": 6. "Upite kushoto": 6. "Ukae benchi la mbele": 8. Nane, sita, sita, nane. Muuguzi hakukusudia, nina hakika, lakini mtu aliyekulia penye tenzi, kaswida na nyimbo za kanisani ana kipimo cha mizani 8 ndani ya kifua chake hata kama hajui kukieleza. Kisha inakuja "Utaitwa kwa jina", mizani 7, imepungukiwa moja, na upungufu huo ndio unaolifanya sikio lisimame. Ni kama mtu aliyekuwa akitembea nawe kwa hatua sawa akasita ili akutazame usoni.

Anaanza na "Mama". Binti ana miaka ishirini na kitu. Wanaopita getini wengine ni rika lake, wengine wangeweza kumzaa. "Mama" inawabeba wote. Neno hilo moja limefanya kazi ya heshima yote ya ujumbe, ndiyo maana hapana "tafadhali" wala "mnaombwa" mahali popote, na hakuna anayejisikia kuamrishwa. Angalia pia vitenzi: "upite", "ukae". Angeweza kusema "pita", "kaa", kama askari wa getini. Ile -e ya mwishoni inaligeuza agizo kuwa ushauri wa mtu wa nyumbani, wa yule dada anayekuonyesha njia akiwa anafunga mlango wa kuku. Wataalamu wa sarufi wana majina yao kwa umbo hilo. Mimi ninasikia upole uliokaa ndani ya irabu moja.

Halafu kuna jinsi alivyoyasema. Katika "mlangoni" ile m ni silabi nzima, nayo inahitaji muda wake. Wasomaji wengi wenye haraka wanaimeza ikatoka "langoni". Binti ameishika, midomo imefungwa kwa kitambo kidogo, kisha mkazo ukashuka kwenye "ngo" mahali pake, silabi ya pili kutoka mwisho. Baada ya "ngazi" amenyamaza karibu sekunde nzima. Ukimya huo una maana: ndio muda wa mama kutazama ngazi, kuziacha, na kutafuta kushoto ni wapi. Sauti imemsubiri ageuke. Katika demo nzima ni hapo tu ambapo namwona mtu mwingine zaidi ya msemaji.

Sauti kumwona msikilizaji wake: ndilo jambo ninalotaka kulisema kuhusu umbo la demo, na nitalieleza kwa njia ya barabara zetu kwa kuwa ndizo shule yake. Siku ya Jumatano au Jumamosi, siku za soko la Tengeru, au Alhamisi na Jumapili kule Ngaramtoni, utalikuta gari la matangazo likijikokota na spika mbili juu. Chukua kwamba linakwenda kilomita 10 kwa saa, karibu mita 3 kila sekunde, na kwamba maneno yake yanashikika kuanzia mita 40 kabla halijakufikia hadi mita 40 likishapita. Una chini ya nusu dakika. Wala hukuchagua uingie wapi: wewe uliyekaa na ndizi zako unaanza kusikia pale lilipofika, katikati ya sentensi, na mwenzako wa mbele anaanzia kwingine kabisa. Kwa hiyo tangazo la gari haliwezi kuwa na mwanzo wa kweli. Linapaswa kuwa duara. Jina la bidhaa litajwe kila baada ya sekunde chache, mahali patajwe tena na tena, na ile "habari njema, habari njema" ifanye kazi ya mbiu kila mzunguko. Wanaoyacheka matangazo haya kwa kujirudia hawajakaa kando ya barabara. Takriri yake imepimwa kwa mwendo wa gurudumu.

Redio ilikuwa na umbo lingine, nalo liliwaingia wazee wetu damuni. Matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC Taifa, yaliwafanya watu wa nyumba nzima wanyamaze, na kilichowanyamazisha kilikuwa orodha. Baada ya kutaja marehemu, msomaji aliingia kwenye "habari ziwafikie", na hapo yakaanza majina na mahali: fulani wa Poli, fulani wa Akheri, fulani aliyeko Mwadui, fulani wa Tanga. Mtu mmoja studioni Dar es Salaam alisoma bila kupandisha wala kushusha, maana kupamba kungekuwa kukosa adabu, na huku kwenye migomba ya Meru mtu akasubiri asikie kama litatajwa jina lake. Ile -e tena: ziwafikie. Redio ya nchi nzima, na bado kila jina lilikwenda kwa mtu mmoja.

Gari linapimwa kwa anayepitwa, redio kwa anayesubiri, spika ya getini kwa mama aliyesimama na mtoto mgongoni. Sasa niulize: demo ya mtandaoni inapimwa kwa nani? Kwa mtu mwenye simu mkononi na kidole kilichokwisha kuelekea kwenye demo inayofuata. Anaweza kuwa meneja wa kampuni ya utalii katikati ya mji, anaweza kuwa mtengenezaji wa masomo Nairobi. Anasikiliza kwa spika ya simu, pengine ofisini penye watu. Mtu huyo hataki kujua sauti ni nzuri kiasi gani. Anataka kuisikia ikisema na mteja wake. Kwake sekunde 7 za kinanda ni sekunde 7 za kusubiri mlangoni bila hodi kuitikiwa, na spika ya simu, isiyo na besi, inaigeuza ile ngoma nzito kuwa mkwaruzo.

Najua kuna utetezi wa mpangilio huu wa vipande vingi vifupi, na si wa kupuuza: unaonyesha upana. Mteja asikie kwamba sauti moja inaweza kuuza, kufundisha na kufariji. Nilifanya jaribio dogo. Nilimwomba binti anitumie vipande vilevile bila muziki. Vitano kati ya sita vilikuwa na sauti ileile, kasi ileile, na kushuka kulekule mwishoni mwa kila kituo. Upana wote ulikuwa wa ala: benki ilikuwa benki kwa sababu ya fidla, watoto walikuwa watoto kwa sababu ya kengele. Kile kingine, cha zahanati, hakikuwa na muziki tangu mwanzo, ndicho pekee kilichobaki kama kilivyokuwa.

Vingine nitavipitia haraka, isipokuwa penye somo.

Benki inaanza: "Mimi nimeshachagua. Na wewe?" Huyu "mimi" ni nani? Mji wetu una sababu ya kuliuliza swali hilo kwa makini. Kwa miaka ishirini, mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa hapa, katika majengo ya kituo cha mikutano cha AICC. Mashahidi wengi waliketi nyuma ya pazia, majina yao yakifichwa na kubadilishwa kwa herufi. Walisema Kinyarwanda, waliosikiliza nyuma ya kioo walipokea Kifaransa au Kiingereza kutoka kwa mkalimani, naye mkalimani alisema "mimi". Mimi nilikimbia. Mimi nilimwona. Alimwazima mtu mwingine kinywa chake, na uaminifu wa kazi ulikuwa kutoongeza chozi lolote ambalo shahidi hakulitoa. Ninajua tangazo la benki si ushahidi wa mahakamani. Lakini kanuni ya sauti ni moja: anayesema "mimi" kwa niaba ya mwingine lazima awe amemjua huyo mwingine, japo kwa dakika tatu. Binti hakuambiwa mteja huyo wa benki ni mama lishe au mwanafunzi wa chuo, naye hakuuliza, na sauti yake inasikika ikitafuta pa kukaa.

Hoteli inasema: "Amka na mandhari ya kuvutia ya Mlima Meru." Hii ni sentensi ya Kiingereza iliyovaa kanga. Kwa Kiswahili mtu huamka na mafua au na njaa; mandhari haamki nayo. Maandishi yalitoka kwa mteja, na aliyatafsiri mtu au mashine, sijui. Ila mlima wenye mita 4,562, unaovuliwa mawingu alfajiri mpaka ukadhani umesogea, unastahili sentensi inayouonyesha kwa kidole. Nilimwambia ajaribu: "Ukifungua dirisha asubuhi, Meru ule pale." Ule pale. Maneno mawili ya kuonyesha, na msikilizaji ameshageuza shingo.

Ujumbe wa ofisi unasema wako wazi "kuanzia saa nane asubuhi". Karatasi ya mteja iliandikwa 8:00. Kwa saa yetu, inayohesabu tangu jua kuchomoza, hiyo ni saa mbili asubuhi. Saa nane asubuhi haipo, ipo saa nane mchana na saa nane usiku, na hiyo ya usiku binti anaijua kuliko wengi wetu, kwa kuwa ndipo anaporekodi. Bodaboda zimelala, adhana bado, jogoo bado, na kama Mungu amejalia mvua haipigi bati. Anajifunika blanketi mbili, simu na maiki ndani, jasho linamtoka hata katika baridi ya Julai. Nilipomuuliza kwa nini hakuirekebisha ile saa, alijibu kwamba aliogopa kugusa maneno ya mteja. Ninaiheshimu hofu hiyo, lakini hapo ndipo palipokuwa na nafasi kubwa ya kujitangaza kuliko kinanda chochote: kumwandikia mteja, "Bosi, nimesoma saa mbili, maana ndiyo saa yenu kwa Kiswahili." Mteja aliyeokolewa aibu haendi kwa mwingine.

Pamoja na demo alinitumia tangazo lake la picha, lenye bei chini: kiasi fulani kwa kila neno. Hili nalo ni suala la umbo, na linaumiza mfuko. Masoko ya sauti mtandaoni mara nyingi huhesabu maneno, na kipimo hicho kimezoea Kiingereza, lugha inayotawanya maneno madogomadogo kama punje. Kiswahili kinayafunga pamoja. Yale maelekezo ya zahanati yana maneno 14. Nilipoyaweka katika Kiingereza cha kawaida nilipata 27. Lakini mizani zake za Kiswahili ni 37, na pumzi inalipwa na mapafu kwa mizani, haijui nafasi zilizoachwa kwenye karatasi. "Utaitwa" ni neno moja kwenye ankara. Mdomoni ni nafsi, wakati ujao na kutendwa, vyote vitamkwe wazi. Anayetia sauti kwa Kiswahili akikubali bei ya kwa neno anafanya kazi ya saa nzima kwa ujira wa nusu saa. Nilimshauri apange bei kwa dakika ya sauti iliyokamilika, na aeleze sababu kwa sentensi moja, kwa adabu, mahali ambapo mteja ataiona kabla ya kuuliza.

Urefu huohuo wa maneno yetu ndio ulioonekana pale Doudou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya Kichina, ilipoonyeshwa TBC mwaka 2011 ikiwa na sauti za Kiswahili. Miaka 5 baadaye kampuni ya televisheni ya StarTimes iliendesha shindano Dar es Salaam la kutafuta vijana wa kuingiza sauti, na washindi wakaenda kufanya kazi hiyo Beijing. Umbo hilo linamtaka msemaji atoweke: afuate midomo ya mwigizaji, amalize anapomaliza. Tulikuwa tumezoea umbo lililo kinyume chake. Derek Mukandala, aliyejulikana kote kama Lufufu, hakujificha nyuma ya mdomo wa mtu. Aliisimulia filamu kutoka pembeni, akaeleza, akahukumu, akaileta mtaani, na kwenye vibanda vya video watu waliulizia kanda ya Lufufu kabla ya kuuliza mwigizaji ni nani. Simwambii binti aige. Ninachosema ni kwamba Waswahili tuliwahi kununua sauti kwa jina la mwenye sauti, bila yeye kutuambia kwamba ina mvuto.

Jambo la lafudhi nilitaka niliruke, maana limeandikwa sana, lakini limo ndani ya demo. Katika vipande vile vitano anasema kwa lafudhi ya kuazima, ile ya mtangazaji wa Dar es Salaam, kwa kuwa mtu fulani alimwambia Kiswahili cha Chuga, yaani cha Arusha, hakiuzi. Mji uliotoa makundi ya muziki kama X Plastaz na Weusi, ambao vijana wa nchi nzima waliimba nao kwa matamshi ya huku, haupaswi kuamini hivyo. Kwa somo la watoto, sawa, asome Kiswahili sanifu kilichonyooka. Getini kwa zahanati ya mlimani alisema "mama" kama wanavyosema kwao, ile a ya kwanza ikiwa ndefu kidogo kuliko ya kamusi, na kina mama, kwa maelezo ya muuguzi, wamekuwa wakigeuka kumtafuta mwenye sauti.

Wiki tatu baadaye alinitumia demo ya pili. Sekunde 41. Kinanda hakipo. Hakuna hodi wala kujitambulisha. Kinachosikika kwanza ni "Mama, ukifika mlangoni", na tayari tupo getini. Kisha dirisha linafunguliwa, Meru ule pale. Kisha somo la hesabu, safari hii likisomwa polepole, na baada ya swali ameacha ukimya wa kutosha mtoto kuhesabu vidole. Ukimya huo ulinitia hofu mara ya kwanza, nikadhani simu imekata, na bado sina hakika kama meneja mwenye haraka ataustahimili. Nimemwambia hivyo, naye amekataa kuupunguza. Sabuni ameibakiza, na bado siipendi. Chini kabisa, kwenye sekunde ambazo zamani zilimezwa na muziki, unasikika mnong'ono wa mvua nje ya blanketi. Anasema alijaribu mara 9 kuuondoa, akashindwa, akauacha.

Namba ya simu ameitoa kwenye sauti akaiandika, maana hakuna anayeshika tarakimu 10 kwa kuzisikia mara moja. Na mwisho ameurudisha mstari mmoja tu wa zahanati, peke yake, kwa sauti ileile ya chini. "Utaitwa kwa jina." Ananyamaza kidogo. Halafu analitaja lake.